Skima chafu yaweza kukumalizia samaki na mtaji
Na Mwandishi Wetu

SI ajabu kumsikia mfanyabiashara wa samaki wa mapambo wa baharini akilalamika kuwa ameamka asubuhi na kuwakuta samaki wake wakitweta juu ya maji, na wengine wamelala ubavu chini ya tangi. Wa kwanza kulaumiwa huwa ni mzamiaji aliyewaleta. Baada yake hulaumiwa maji. Ni mara chache lawama hizo kufika kwenye kile kikombe kilichojaa uchafu mweusi juu ya skima, ambacho pengine kina wiki mbili hakijaguswa.

Skima ni kifaa cha kuengua povu kwenye tangi la maji ya chumvi. Wengi huinunua kwa fedha nyingi, huiwasha, kisha huisahau. Hapo ndipo hasara inapoanza, kwa kuwa skima chafu huendelea kunguruma na kutoa mapovu kama kawaida, ilhali kazi iliyonunuliwa kuifanya haifanyiki tena. Mwenye mali husikia sauti ya pampu akaamini kuwa mambo ni shwari.

Makala haya yanaeleza namna ya kukisafisha na kukitunza kifaa hiki, kwa kutumia vitu vinavyopatikana katika duka lolote la mtaani.

Biashara yenyewe

Pwani ya Kenya imekuwa ikiuza nje samaki wa mapambo kwa miaka mingi. Wazamiaji wa maeneo kama Shimoni, Kaunti ya Kwale, huwanasa samaki wadogo wenye rangi za kuvutia kwa nyavu za mkono, nao hulipwa kwa kuhesabiwa samaki mmoja mmoja. Samaki hao hupelekwa kwenye matangi ya wanunuzi, hukaa humo kwa siku au wiki kadhaa hadi watulie, kisha hufungwa kwenye mifuko ya plastiki yenye maji na oksijeni na kusafirishwa kwa ndege kwenda Ulaya, Marekani na kwingineko. Biashara hii huhitaji leseni, na ndani ya hifadhi za taifa za baharini kama Kisite, Watamu na Malindi hairuhusiwi kuvua kabisa.

Katika mlolongo huo wote, mahali ambapo mtaji wa mfanyabiashara hukaa hatarini kwa muda mrefu ni kwenye tangi. Samaki aliyefia tangini ameshalipiwa, lakini hawezi kuuzwa. Na msimu wa kusi unapofika, bahari ikachafuka na wazamiaji wakapunguza safari, kumpata wa kuziba pengo lake huwa kazi ngumu.

Maelezo haya yanawahusu pia wenye hoteli na mikahawa wanaohifadhi kamba mawe hai kwenye matangi ya maji ya bahari, pamoja na wale wanaofuga samaki wa mapambo nyumbani au ofisini.

Skima hufanya kazi gani?

Mama anayechemsha maharage hujua kuwa sufuria ikianza kutokota, povu hupanda juu likiwa na rangi ya kahawia. Huliengua kwa kijiko na kulitupa. Vivyo hivyo, mtu akitembea ufukweni wakati wa kusi huona povu zito limerundikana mchangani. Povu hilo hutokana na mabaki ya mimea na viumbe wa baharini ambayo mawimbi yameyapiga pamoja na hewa.

Skima hufanya jambo hilo hilo ndani ya bomba la plastiki. Pampu huvuta maji ya tangi pamoja na hewa, na kuikata hewa hiyo kuwa mapovu madogo sana. Uchafu ulioyeyuka majini, kama vile protini na mafuta yanayotokana na chakula, kinyesi na ute wa samaki, una tabia ya kujishika mahali maji yanapokutana na hewa. Kwa hiyo uchafu huo hujibandika kwenye mapovu, hupanda nayo hadi kwenye shingo ya skima, na mwisho humwagikia ndani ya kikombe kilicho juu. Maji yaliyosafishwa hurudi tangini.

Faida kubwa ni kwamba uchafu huo hutolewa kabla haujaoza. Ukiachwa, bakteria huuvunja na kutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki hata ikiwa kidogo. Aidha, bakteria hao hutumia oksijeni ile ile ambayo samaki wanaihitaji. Ikumbukwe kuwa maji ya bahari hubeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi ya mto au ziwa. Katika joto la nyuzi 27 za Selsiasi, maji ya bahari yaliyoshiba hewa huwa na takriban miligramu 6.5 tu za oksijeni katika kila lita. Mapovu ya skima husaidia kuirudisha oksijeni hiyo.

Hapa ni vyema kuwatahadharisha wafugaji wa sato na kambare wanaotamani kununua skima ndogo za matangi ya maji ya chumvi. Katika maji baridi mapovu huungana upesi na kuwa makubwa, hivyo povu zito halijengeki vizuri. Ni bora fedha hizo ziende kwenye kichujio cha kawaida na pampu ya hewa.

Sehemu tatu zinazoziba

Skima hudhoofika kwa njia tatu, na kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza ni shingo na kikombe. Povu linapopanda huacha utando wa mafuta kwenye kuta za shingo. Utando huo unapokuwa mnene, mapovu hupasuka kabla ya kufika juu na uchafu hurudi chini. Unaweza kuona kikombe hakijai ukadhani maji yamekuwa safi, kumbe shingo ndiyo imekataa kupitisha povu.

Ya pili ni njia ya hewa. Mahali ambapo mpira wa hewa unaingia kwenye pampu, maji ya chumvi hurukia na kukauka. Chumvi hujijenga kidogo kidogo kama ukoko hadi tundu likawa dogo kama la sindano. Hewa ikipungua, mapovu hupungua.

Ya tatu ni pampu yenyewe. Chokaa iliyomo katika maji ya bahari hujibandika kwenye impela, yaani kile kijigurudumu chenye sumaku kinachozunguka ndani ya pampu. Konokono wadogo na viumbe wengine hupenda pia kujificha humo. Impela ikizunguka kwa uzito, pampu hupata joto, hutoa sauti ya kukwaruza, na mwishowe hugoma.

Ratiba ya usafi

Kila siku: Tazama kikombe. Mimina uchafu kabla haujafika juu. Angalia pia kama mapovu ni mengi na madogo kama ilivyokuwa jana. Kazi hii haichukui hata dakika moja.

Mara mbili au tatu kwa wiki: Zima skima, ng'oa kikombe, kioshe kwa maji matamu ya bomba na usugue shingo kwa brashi laini au kitambaa safi hadi utelezi wote uishe. Usipitishe wiki nzima bila kufanya hivyo, hasa ikiwa tangi lina samaki wengi. Kitambaa hicho kiwe cha kazi hiyo tu, kisiwe kimewahi kufulia kwa sabuni.

Mara moja kwa wiki: Safisha njia ya hewa. Skima ikiwa inafanya kazi, chukua kikombe cha maji matamu ya uvuguvugu, chovya ncha ya mpira wa hewa kwa sekunde chache, toa, kisha rudia mara mbili au tatu. Pampu itayanyonya maji hayo na kuyeyusha chumvi iliyoganda. Mara nyingi utaona mapovu yakiongezeka papo hapo. Ikiwa tundu limeziba kabisa, zima pampu na ulizibue kwa kijiti cha plastiki au cha mbao, wala si kwa msumari.

Kila baada ya miezi mitatu: Fungua pampu. Chomoa kwanza waya kwenye soketi, kisha toa pampu majini. Ondoa mfuniko wake na uvute impela taratibu. Katika pampu nyingi mhimili wake ni wa kauri, nao huvunjika upesi kama kikombe cha udongo. Changanya siki nyeupe na maji kwa kiasi sawa, yaani chupa moja ya siki kwa chupa moja ya maji, na uloweke sehemu zote kwa saa kadhaa au usiku kucha. Chokaa italainika na kutoa vipovu vidogo. Sugua kwa mswaki wa zamani, hata ndani ya tundu la impela, kisha suuza kwa maji mengi matamu.

Wakati pampu iko wazi, kagua sumaku ya impela. Ikiwa imevimba au ina ufa wenye kutu, ibadilishe. Kagua pia mipira ya kuzibia. Iliyokakamaa au kupasuka huvujisha maji. Kwa kuwa vipuri vingi huagizwa kutoka nje, ni busara kuwa na impela moja na seti moja ya mipira ya akiba dukani. Pampu ikigoma siku ya Jumamosi jioni, akiba hiyo ndiyo itakayookoa samaki.

Kila baada ya miezi sita: Toa skima nzima, iloweke yote kwenye ndoo kubwa au beseni lenye siki na maji, au iache ifanye kazi ndani ya ndoo hiyo kwa saa moja au mbili. Sugua mwili, bomba la kutolea maji na valvu yake, suuza, kisha irudishe.

Baada ya usafi mkubwa wa aina hii usishangae skima ikikaa saa kadhaa, au hata siku moja na zaidi, kabla ya kurudi kwenye hali yake. Skima mpya nayo huhitaji siku kadhaa, pengine hadi wiki mbili, ili plastiki yake iache mafuta ya kiwandani. Katika kipindi hicho usiharakishe kugeuza valvu kila saa.

Mambo ya kuepuka

Usitumie sabuni. Masalia yake, hata kidogo, hufanya povu lifurike hadi sakafuni, na samaki nao huathirika.

Usitumie maji yanayochemka wala maji ya moto sana. Skima nyingi hutengenezwa kwa plastiki ngumu inayopinda au kupasuka kwa joto. Aidha, usiifute kwa spiriti, kwa kuwa spiriti huipasua plastiki ya aina hiyo kwa nyufa ndogo ndogo, wala usiisugue kwa sufi ya chuma. Mikwaruzo huwa maficho ya uchafu.

Usichanganye siki na jiki hata siku moja. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayoweza kumdhuru vibaya aliye karibu, hasa katika chumba kisicho na madirisha. Kama ulitumia kimoja, suuza kabisa kabla ya kufikiria kingine.

Usiguse umeme ukiwa na mikono yenye maji ya chumvi. Waya wa pampu uachwe uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji likiteremka kwenye waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye soketi.

Kulisoma povu

Mfugaji mzoefu hujua hali ya tangi kwa kutazama kikombe. Maji ya kikombe yakiwa na rangi ya kahawa nzito na harufu kali, skima inaengua kwa ukavu, yaani inatoa uchafu mwingi kwa maji machache. Yakiwa na rangi ya chai ya rangi iliyo nyepesi, inaengua kwa umajimaji. Njia zote mbili zinakubalika, ila ya pili hujaza kikombe upesi na kupunguza chumvi ya tangi.

Suala hili la chumvi huwapiga chenga wengi. Maji yanayopotea kwa kukauka huacha chumvi tangini, hivyo fidia yake ni maji matamu yasiyo na klorini. Maji yanayotolewa na skima huondoka na chumvi yake, hivyo fidia yake ni maji ya chumvi. Anayejaza maji matamu kila mara bila kutofautisha hujikuta ameshusha chumvi pole pole. Pima kila wiki. Maji ya bahari ya kawaida huwa na takriban gramu 35 za chumvi kwa kila kilo moja ya maji.

Kikombe kikiwa kikavu kwa siku mbili, angalia mambo haya kwa mpangilio: shingo ina utando? Tundu la hewa limeziba? Kina cha maji kimebadilika? Skima nyingi zinazokaa kwenye tangi la chini huhitaji kina cha maji cha kati ya sentimita 15 na 25, na kina hicho kisipande wala kushuka. Maji yakipungua kwa kukauka, povu nalo hushuka. Kumbuka pia kwamba mkono wenye mafuta ukiingizwa tangini, au chakula chenye mafuta mengi, huweza kulivunja povu kwa saa kadhaa. Hilo hupita lenyewe.

Kinyume chake, povu likifurika ghafla, jiulize umetia nini majini. Dawa nyingi za samaki na baadhi ya dawa za kutibu maji husababisha hali hiyo. Wakati wa kutibu samaki, fuata maelezo ya dawa. Ukilazimika kuzima skima, ongeza pampu ya hewa ili samaki wasikose oksijeni. Sababu nyingine ni samaki aliyefia nyuma ya jiwe. Mtafute na umtoe mara moja.

Umeme ukikatika

Umeme ukikatika, skima na pampu za maji husimama kwa pamoja na oksijeni huanza kushuka. Tangi lenye samaki wengi haliwezi kusubiri. Pampu ndogo ya hewa ya betri ni kinga rahisi, na asiye nayo aweza kuchota maji kwa jagi na kuyamimina kutoka juu, tena na tena.

Jambo jingine ni kwamba pampu zikisimama, maji ya tangi la juu huteremka kwenye tangi la chini. Acha nafasi ya kutosha humo, la sivyo yatafurika. Umeme ukirudi, usiondoke. Hakikisha impela imeanza kuzunguka, kwa sababu iliyojaa chokaa huweza kushindwa kuanza upya, na pia hakikisha povu halijapanda kupita kiasi. Wengi hukuta pampu imekufa saa kadhaa baada ya umeme kurejea, na wakati huo hasara imeshatokea.

Hesabu yenyewe

Chukua mfano huu, na uweke bei zako mwenyewe. Tuseme una samaki 60 tangini na kila mmoja umemnunua kwa Sh300. Mtaji uliomo majini ni Sh18,000. Robo ya samaki hao wakifa kwa maji machafu, Sh4,500 zimepotea kwa usiku mmoja, bila kuhesabu chakula walichokwisha kula, umeme, na mteja ambaye oda yake imepungua.

Upande wa pili wa daftari, usafi wa kikombe kwa dakika 10 mara tatu kwa wiki ni nusu saa. Usafi wa pampu ni chupa chache za siki katika miezi mitatu na mswaki uliokuwa unatupwa. Mwenye duka hahitaji mhasibu kumwambia upande upi una nafuu.

Hata hivyo, isidhaniwe kuwa skima inamaliza kila kitu. Haiondoi amonia ambayo tayari imeshatokea. Hiyo ni kazi ya bakteria wema wanaoishi kwenye mawe na kichujio. Wala haichukui nafasi ya kubadilisha sehemu ya maji mara kwa mara. Wafugaji wengi hubadilisha takriban asilimia 10 kwa wiki. Anayerundika samaki kupita uwezo wa tangi hataokolewa na skima ya bei yoyote.

Tatizo kubwa katika biashara nyingi ndogo ni kwamba kazi hii haina mwenyewe. Tajiri hudhani kijana wa dukani amesafisha, kijana naye hudhani tajiri amesafisha. Hivyo basi, bandika karatasi ukutani karibu na tangi, uandike siku za kuosha kikombe, kuzibua njia ya hewa na kufungua pampu, na aliyefanya kazi aweke sahihi na tarehe. Na kama hukumbuki ni lini shingo ya skima yako ilisuguliwa mara ya mwisho, usingoje kuchora ratiba. Anza nayo leo kabla ya kufunga duka.